Jinsi ya kuitazama kandili ya msikiti ya zama za Wamamluki

Ukifika Victoria and Albert Museum, London, kuingia ni bure, kwa hiyo usiwe na haraka. Nenda moja kwa moja chumba cha 42, kwenye sanaa za Kiislamu. Watoto wa madrasa yetu nikiwapeleka, siwaruhusu kusoma vibao vya maelezo kwanza. Tunaanza na kandili yenyewe.

Chuchumaa. Kandili hizi za kioo zilitengenezwa Misri na Sham (Syria na jirani zake) chini ya Wamamluki, masultani waliotawala huko, nyingi katika karne ya 13 na ya 14, na zilitundikwa kwa minyororo. Waliokuja kuswali waliziona kutoka chini. Tazama vishikio vya minyororo mabegani. Ndani kiliwekwa chombo kidogo cha maji na mafuta chenye utambi.

Sasa maandishi, na hapa usiondoke upesi. Shingoni mara nyingi utakuta Aya ya Nuru, sura ya 24 aya ya 35, kwa herufi za buluu. Tumboni mambo hugeuka: buluu imejaza nyuma, herufi zimeachwa wazi, zikapakwa dhahabu nyembamba. Rangi ile ni kioo kilichosagwa, kikapakwa kwa brashi, kisha chombo kikarudishwa motoni ili ishike. Ni nzito, huzuia mwanga. Kwa hiyo utambi ukiwashwa, buluu hufifia na herufi ndizo zinazowaka. Aya inasema taa imo ndani ya kioo, na kioo ni kama nyota ing'aayo. Fundi amelifanya neno hilo lionekane kwa macho. Kandili iliyozimwa, ikamulikwa kwa nje tu, imenyimwa nusu ya uzuri wake. Mwambie mtoto aufikirie mwali ndani.

Kisha tafuta nembo ya aliyeitoa kandili. Kikombe ni cha amiri aliyekuwa mnyweshaji wa sultani. Kandili ya Amiri Aydakin, iliyoko Metropolitan Museum, New York, ina pinde, kwa kuwa ndizo alizombebea sultani. Masultani wenyewe walitumia maneno: "Utukufu kwa bwana wetu Sultani." Ukifika Cairo, tazama kandili za madrasa ya Sultan Hasan, iliyoanza kujengwa mwaka 1356, nyingi zimehifadhiwa katika Makumbusho ya Sanaa ya Kiislamu.

Jihadhari na nakala za karne ya 19. Kioo cha zamani kina viputo, kina unjano au ukahawia kidogo, na umbo lake mara nyingi limepinda kidogo. Philippe-Joseph Brocard wa Paris, mmoja wa waliotengeneza nakala hizo, aliyeonyesha kazi zake kwenye maonyesho ya mwaka 1867, alikuwa fundi hodari kweli, na baadhi ya kandili zake zina sahihi yake.