Somo: Kuomba kusimamia raundi ya ruzuku yenye pesa za nyongeza, tulivofanya sie Pemba

Asalaam aleikum jamani. Watu wengi mnanifata pembeni kuniuliza hii habari ya raundi, nimechoka kujibu mmoja mmoja, naandika hapa mara moja.

Kwanza tuelewane, hapa siongelei kuombea ruzuku kikundi chako. Hapa unaomba uwe wewe ndo msimamizi, yani mfadhili anaweka fungu, vikundi vya shehia zenu vinaleta miradi, wananchi wanachangia hata elfu elfu, af lile fungu linagawiwa kwa kufata watu walivochangia. Wenyewe wanaliita machingi, yani "matching" ya Kiingereza. Siku ya mwanzo nilivolitaja barazani Wete mzee mmoja akadhani nawasema wamachinga, tokea hapo nasema pesa za nyongeza tu.

Hatua ya 1: ijue hesabu kabla hujagusa fomu

Hesabu yenyewe waliileta wataalamu watatu, Vitalik Buterin, Zoë Hitzig na Glen Weyl, mwaka 2018, na Gitcoin, jukwaa la kuchangisha mtandaoni, wakaanza kuitumia 2019 kuwachangia watengeneza programu. Kila mchango unatafutiwa kipeuo cha pili, unavijumlisha vyote, jumla unaizidisha kwa yenyewe, halafu unatoa zile pesa walizochanga watu. Kinachobaki ndo uzito wa mradi kwenye fungu.

Tuseme fungu ni milioni 2, miradi 3, na kila mmoja umechangiwa laki moja. Wa kisima wamechanga watu 100, elfu moja kila mtu. Wa mikoko watu 4, elfu 25 kila mtu. Wa madrasa katoa tajiri mmoja laki nzima. Kisima: kipeuo cha 1,000 ni 31.6 na ushei (desimali usizikate), mara 100, zidisha kwa yenyewe unapata milioni 10, toa laki moja, inabaki 9,900,000. Mikoko inabaki 300,000. Madrasa inabaki sifuri, ndio, sifuri, mana mtu mmoja hata atoe kiasi gani hazai nyongeza. Ukigawa zile milioni 2 kwa kufata uzito huo, kisima kinapata 1,941,176 na mikoko 58,824. Chukua kalkuleta uifanye mwenyewe mpaka ikukae, mana usaili sie walitupigia simu na swali la pili lilikuwa hili hili.

Hatua ya 2: jambo moja, pahala pamoja

Ombi letu la mwanzo lilikataliwa na wallahi walikuwa na haki. Tuliandika vijana, wanawake, mazingira, elimu, afya, Pemba nzima. Mfadhili akajibu mistari miwili tu, kwamba haoni nani atachangia nini. La pili tukaandika vikundi vya mwani na mikoko, shehia 6, basi. Tukaambatanisha cheti cha usajili na orodha ya vikundi 14 ambavyo tushakaa navyo na viko tayari kuleta mradi. Orodha ile ilifanya kazi kuliko kurasa zote za maelezo.

Hatua ya 3: utajuaje kuwa mtu ni mtu

Hapa ndo ombi linapoanguka au kusimama. Rudi kwenye mfano wetu, yule tajiri wa madrasa akiwa mjanja anaigawa laki yake kwa watu 100, anawaambia kila mmoja tuma elfu, hapo sifuri yake imegeuka sawa na kisima. Hajaongeza hata senti. Kwaiyo mfadhili anataka kuona utamzuia vipi, na usimuandikie "tutahakikisha uwazi", hilo kila mtu analiandika.

Sie tuliandika hivi: mchango mmoja kwa kitambulisho kimoja cha Mzanzibari, namba ya kitambulisho inaingia daftarini pamoja na namba ya simu ilotuma pesa. Namba nyingi zikituma kiasi kile kile ndani ya dakika chache, zinawekwa kando zikaulizwe. Anochangiwa hashiki daftari. Na pesa za mtu mwengine kupitia mkono wako haziruhusiwi, ikigundulika mradi unatolewa wote, si ule mchango peke yake. Vilevile tuliandika namba za vitambulisho zitakaa wapi na zitafutwa lini, mana hizo ni siri za watu.

Hatua ya 4: tarehe

Wengi wanaweka tarehe za kalenda tu. Mwanzo tuliweka wiki ya kuchangia ikaangukia bamvua, af tunategemea kina mama wa mwani! Bamvua maji yanatoka mbali, wote wako chini pwani wanafunga mbegu na kuvuna, nani atakaa kusikiliza miradi. Tukasogeza kwenye maji mafu, siku ambazo maji hayatoki mbali, wako majumbani. Kwenye fomu tukaeleza sababu kwa sentensi mbili, na yule bibie wa kwenye usaili aliifurahia kuliko kitu chochote. Angalieni na Ramadhani na masika, na msimu wa karafuu pia, ingawa hapo angalau watu wana pesa mkononi.

Hatua ya 5: pesa zitakaaje

Akaunti ya jumuiya, watia saini watatu, hazitoki bila wawili. Malipo kwa awamu mbili. Matokeo yabandikwe kwa sheha siku ile ile. Wafadhili wengine wa raundi hizi wanalipa kwa sarafu za kidijitali, ulizeni mapema, BoT (Benki Kuu ya Tanzania) ilishatangaza Novemba 2019 kuwa hizo si pesa halali nchini, sie tuliomba shilingi benki moja kwa moja.

Na gharama zenu msizifiche. Bando, nauli, chai ya mikutano, ziandikeni mbali na fungu.

MASWALI

Swali: Mie simu yangu ya batani na wenzangu wengi hivyo hivyo, tutachangia vipi?
Jibu: Bi mkubwa, hata ya batani inatuma pesa. Asokuwa na simu kabisa anatoa mkononi mbele ya watu wawili na risiti anapewa, daftari ni lile lile.

Swali: Shekhe hii si kamari? Unatoa elfu unangojea kubwa.
Jibu: Anotoa elfu harejeshewi kitu yeye, inakwenda kwenye mradi, na hakuna bahati nasibu, ni hesabu. Ila mie si mufti, muulize ustadhi wako ukiwa na mfano wa kisima mkononi.

Swali: Mbona kisima kimebeba karibu zote? Hapo si mtagombana?
Jibu: Mngegombana kweli. Ndo mana inawekwa kikomo, sie tuliweka asilimia 40. Kwa mfano ule kisima kinashika 800,000. Zilobaki ukizisukuma kwa mikoko nayo inagonga 800,000, bado laki 4 hazina mwenyewe. Andikeni kabla zitakwenda wapi. Sie tuliandika zinangojea raundi ijayo.

Swali: Mie katibu wa kikundi cha mwani, naweza kukaa kamati ya raundi?
Jibu: Kikundi chako kikiomba, hapana. Hata shemeji yako akiomba, unatoka nje wakati wa kuupitisha mradi wake.

Swali: Ami nitumie fomu yenu niikopi, sie tuko Micheweni dedilaini wiki ijayo.
Jibu: Naituma usiku inshallah. Ila futa zile tarehe mwanangu, maji ya mwaka jana hayo.