Mchoro wa mkono unaocheza kwenye simu: hatua za AR bila kupakua programu

AR (uhalisia ulioongezwa) hapa ni hivi: mtu anaelekeza kamera ya simu kwenye mchoro, na kwenye skrini mchoro unaanza kusogea, yote ndani ya kivinjari. Mchoraji mmoja niliyemsaidia alikuwa na mandhari nzuri ya rangi za maji, lakini kamera ya simu haikuitambua hata kidogo. Kwa hiyo hatua ya kwanza hapa ni ndefu kuliko nyingine zote.

1. Chora ukijua kamera itatazama nini

Programu ya utambuzi, inayofanya kazi ndani ya ukurasa wa wavuti, haioni ndege wala mti. Inasaka kona, ncha na mahali giza linapokutana ghafla na mwanga. Mbingu iliyopakwa kwa maji mengi haina kitu cha kushika. Ongeza wino mweusi, mistari inayokatana, madoa yasiyo na mpangilio.

Wingi wa mistari peke yake hautoshi. Nakshi inayojirudia huichanganya programu, maana kila kipande kinafanana na mwenzake. Alama zikirundikana upande mmoja, picha hutetemeka. Zitawanye ukurasa mzima. Rangi nazo zinadanganya: utambuzi hufanyika kwa kijivu, hivyo nyekundu na kijani zenye mwanga sawa huwa kitu kimoja. Piga picha, ondoa rangi, kisha utazame kimebaki nini.

Vanishi inayong'aa usiiguse. Mng'ao wa taa ukifunika nusu ya mchoro, hiyo nusu haipo tena. Kioo cha fremu kina tatizo hilohilo.

Jaribu kabla hujamaliza kuchora: pakia picha kwenye kompaila ya MindAR (MindAR ni maktaba ya bure ya AR ya kivinjari, na kompaila yake hugeuza picha kuwa faili la utambuzi), itakuonyesha alama ilizozipata. Palipo peupe, rudi na kalamu.

2. Skani

Nukta 300 kwa inchi. Kata kingo ziwe sawasawa.

3. Huisha

Natumia Krita, programu ya kuchora na kuhuisha kwenye kompyuta, ni ya bure na inatosha. Fremu 12 kwa sekunde zinapendeza kuliko 24, kwa sababu mkono unaonekana bado. Fremu ya kwanza iwe skani yenyewe, na karatasi ibaki kuwa usuli, ili mtazamaji asione mahali video ilipoanzia. Toa video ya MP4.

4. Unganisha

Kompaila itakupa faili la .mind. Liweke na video kwenye ukurasa wa wavuti uliojengwa kwa A-Frame, maktaba ya kuonyesha vitu vya 3D kwenye kivinjari. MindAR huhesabu upana wa mchoro kuwa 1, hivyo mchoro wa sentimita 20 kwa 30 una kimo cha 1.5. Ukikosea hapo, video itapita kingo. Izime sauti, la sivyo simu nyingi hazitaianzisha hadi mtu aguse skrini.

Kwa nini si jukwaa la kampuni? Meta iliifunga Spark AR, jukwaa lake la kutengeneza AR, Januari 2025, na kazi za wasanii wengi zikazimika nayo. Faili zako kaa nazo mwenyewe.

5. Weka mtandaoni

Anwani ya ukurasa lazima iwe ya HTTPS, yaani muunganisho salama. Bila hiyo kivinjari hakifungui kamera. Msimbo wa QR unaofungua ukurasa huo ubandike kando ya mchoro, nje kabisa ya eneo uliloskani.