Somo: Tengeneza mwenyewe picha ya Nguzo za Uumbaji

Kila tunapokutana hapa Arusha kutazama Zohali au Kilimia, picha za Hubble, darubini iliyoko angani, huzunguka simu hadi simu, na hakosekani wa kusema, "Hizi wamechora." Hawajachora, wamepima. Njia bora ya kuliamini hilo ni kuitengeneza picha kwa mikono yako, kwa vipimo vilevile walivyotumia wao, maana viko wazi kwa kila mtu bila malipo.

Tutatumia Nguzo za Uumbaji, minara ya gesi na vumbi ndani ya wingu la angani liitwalo Nebula ya Tai (M16), umbali wa miaka ya nuru 6,500 hivi. Hubble ilizipiga picha tarehe 1 Aprili 1995, kwa kazi ya Jeff Hester na Paul Scowen wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Arizona. Mwezi Agosti, mnamo saa tatu usiku, sehemu hiyo ya anga huwa karibu na utosi wetu. Mawingu ya Meru yakiachia, darubini ya macho mawili inatosha kukuonyesha kishada cha nyota zake, ingawa nguzo zenyewe hutaziona.

Hatua ya 1. Pakua FITS Liberator, programu ya bure ya kufungulia mafaili ya picha za darubini, pamoja na mafaili ya mfano ya M16. Ni matatu, na majina yake yana namba 502, 656 na 673. Hizo ni urefu wa wimbi la mwanga kwa nanomita: 502 ni oksijeni, 656 hidrojeni, 673 salfa. Kamera ya Hubble haijui rangi, inahesabu tu mwanga unaoingia. Chujio likiwekwa mbele yake, hupita mwanga wa gesi moja. Kwa hiyo kila faili ni picha nyeusi na nyeupe.

Hatua ya 2. Fungua faili la kwanza. Utaona giza karibu tupu, na wengi hudhani faili limeharibika. Sivyo. Nyota zinang'aa kupita gesi mara nyingi mno, hivyo kioo cha kompyuta kikizionyesha nyota sawasawa, gesi inazama gizani. Chagua kanuni ya logi au ArcSinh, ambayo huinua sehemu hafifu bila kuziunguza zile kali. Kisha sogeza alama ya weusi taratibu mpaka anga liwe jeusi huku kingo za nguzo zikibaki. Usiharakishe hapa. Ukikata mno, unafuta gesi ambayo kweli ipo. Kumbuka kuwa kanuni ni moja kwa pikseli zote. Hakuna unachoongeza kwa brashi, na ndiyo maana mimi naiita kazi hii kipimo. Hifadhi kama TIFF (aina ya faili la picha), kisha rudia kwa mafaili mengine mawili.

Hatua ya 3. Fungua zote tatu kwenye GIMP, programu ya bure ya kuhariri picha. Nenda "Colors", "Components", halafu "Compose". Nyekundu ipe 673, kijani 656, buluu 502.

Hatua ya 4. Kijani kitatawala, kwa sababu hidrojeni ndiyo nyingi. Kipunguze kwa "Curves". Pembe moja iliyokatika kama ngazi iache ilivyo: kamera ile ilikuwa na vitambuzi vinne, na kimoja kilitazama eneo dogo kwa undani zaidi.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, kama ningekuwa palepale ningeona rangi hizi? (Sakina)*
Hapana, dada. Hidrojeni ya 656 kwa jicho ni nyekundu, na salfa ni nyekundu pia. Tungezipaka rangi zao halisi, gesi hizo mbili zisingetofautiana. Tena kukaribia hakuifanyi nebula ing'ae zaidi. Inatanda tu sehemu kubwa ya anga, hafifu vilevile.

*Na darubini ya James Webb, inayoona mwanga usioonekana? (Njiro)*
Mpangilio ni uleule: wimbi refu hupewa nyekundu, fupi buluu. Picha yake ya nguzo hizi ilitoka Oktoba 2022, na kwa kuwa mwanga huo, yaani infraredi, hupenya vumbi, nyota changa zilizojificha ndani zinaonekana.

*Ile picha ya yai lenye madoa, ya mwanzo wa ulimwengu, nayo ni hivi? Na haipingani na imani? (Moshi)*
Ni hivi, kaka, ila kwa mawimbi ya maikro. Arno Penzias na Robert Wilson waliyagundua huko New Jersey, wakatangaza mwaka 1965; chombo cha Planck kikayapima kwa undani kuanzia 2009. Ni mwanga ulioachiliwa ulimwengu ukiwa na miaka 380,000 hivi, kati ya umri wake wa bilioni 13.8. Leo umepoa hadi nyuzi 2.7 juu ya sifuri halisi, yaani baridi ya mwisho kabisa. Madoa ni tofauti za joto za takriban sehemu moja katika 100,000, zilizokuzwa ili zionekane. Kuhusu imani: Georges Lemaître, aliyeandika mwaka 1927 kwamba ulimwengu unatanuka, alikuwa padre Mkatoliki, na alisisitiza sayansi na teolojia kila moja ifuate njia yake. Habari za ugunduzi wa Penzias na Wilson zilimfikia muda mfupi kabla ya kufariki mwaka 1966.

*Laptop yangu ina RAM ya GB 4 tu. (Tengeru)*
Inatosha. Kila faili ni kama MB 10. Funga programu nyingine, na ufungue faili moja moja katika hatua ya 2.