Kikosi kimoja, udhaifu mmoja: jinsi ya kuinua kiwango chako cha kupaka vijisanamu vya vita

Ukishapaka vikosi kadhaa vya mchezo wa vita wa mezani, utafika mahali ambapo kazi haiharibiki wala haisongi mbele. Kikosi kipya kinafanana na cha mwaka jana. Wengi wakifika hapo hununua rangi zaidi. Ushauri wangu ni kuchagua udhaifu mmoja, kuushughulikia kikosi kizima, kisha kujipima. Nitatumia mfano wa askari Waafrika wa jeshi la Wajerumani katika vita vya Afrika Mashariki, 1914 hadi 1918, wa ukubwa wa milimita 28. Hao ndio ninaowapenda, na ngozi zao zimenifundisha kuliko kitu kingine chochote.

1. Tunza kazi ya zamani

Usikipake upya kijisanamu chako cha kwanza. Kiweke kando ya cha karibuni, chini ya taa ileile, uvipige picha. Kisha viache mezani, urudi nyuma hatua moja. Kuna kasoro zinazoonekana kwa mbali, mfano uso na shati kuzama katika rangi moja, na kuna zinazoonekana kwenye picha tu, mfano mshipi uliopinda kidogo. Anza na zile za mbali, kwa sababu mchezo huchezwa kwa umbali huo.

2. Iandike kasoro

"Nyuso mbaya" haikusaidii. "Rangi imeziba mikunjo ya shati" au "mashavu yamepauka" inakuonyesha pa kuanzia. Andika moja tu.

3. Kagua maji kabla ya kulaumu mkono

Rangi nzito ndiyo chanzo cha kasoro nyingi. Tengeneza paleti yenye unyevu, yaani mahali pa kuchanganyia rangi: chombo bapa chenye mfuniko, tishu zilizokunjwa na kuloweshwa, na juu yake karatasi ya kuokea. Rangi ya akriliki hukauka maji yanapopotea, na kwenye joto la pwani, feni ikizunguka, hukauka hata ikiwa bado kwenye brashi. Ipime kwenye ukucha wa kidole gumba: ifunike bila kuacha michirizi, na isikimbilie kingoni. Futa brashi kwenye tishu kabla ya kugusa kijisanamu. Paka mara mbili nyembamba, ya kwanza ikauke kabisa.

Brashi namba 1 yenye ncha nzuri inatosha hata kwa macho. Zile ndogo mno hubeba rangi kidogo, nayo hukauka kabla hujafika unapotaka.

4. Ngozi

Masomo mengi yamewekwa kwa ajili ya ngozi nyeupe: rangi ya chini, kivuli cha kahawia, kisha kuongeza nyeupe kwa ajili ya mwangaza. Kwenye ngozi nyeusi, ukiongeza nyeupe ngozi inapauka, kama mtu aliyekosa mafuta asubuhi. Fanya hivi:

Anza na kahawia iliyokolea yenye nyekundu kidogo. Kwa kivuli, chini ya kidevu, pembeni mwa pua na kwenye matundu ya macho, changanya kahawia hiyo na buluu iliyokolea au zambarau. Nyeusi tupu huua uso. Kwa mwangaza, ongeza rangi ya udongo wa njano au chungwa kidogo, uiguse mifupa ya mashavu, paji la uso, daraja la pua na vifundo vya vidole. Mdomo wa chini upate wekundu kidogo, viganja viwe vyepesi zaidi. Mwisho, weka nukta ndogo sana ya rangi nyepesi kwenye ncha ya pua na shavuni, kwa sababu ngozi nyeusi hung'aa pale mwanga unapoipiga moja kwa moja. Nukta hiyo ndiyo inayoufufua uso.

Usipake wote kwa mchanganyiko mmoja. Jeshi lile lilikuwa na Wanyamwezi, Wasukuma, Wamanyema na Wasudani. Badilisha kipimo cha nyekundu na cha njano kidogo kati ya mtu na mtu, na kikosi kitaonekana cha watu.

Kaki ya sare na kifuniko cha tarbushi havina shida: rangi moja, kivuli chepesi, kisha brashi iliyofutwa hadi karibu kukauka ipitishwe juu ya mikunjo. Usitumie jioni nzima hapo.

5. Mmoja, halafu watano

Jaribu somo lako kwa askari mmoja hadi mwisho. Ukiridhika, paka watano kwa pamoja. Ukishika ishirini, kufikia wa kumi na mbili mkono umechoka na umerudia mazoea ya zamani. Chini ya kitako anachosimamia askari andika tarehe na mchanganyiko, kwa mfano "kahawia 2, nyekundu 1".

6. Linganisha tena

Rudia picha ya hatua ya 1, na kikosi kipya kikiwepo. Kama mkono umefanya somo bila kutazama maandishi, chagua kasoro nyingine. Kama bado, kaa na ileile kwa kikosi kingine.

Malizia kwa vanishi isiyong'aa. Ya kupuliza hugeuka ukungu mweupe hewa ikiwa na unyevu mwingi, kwa hiyo wakati wa masika tumia ya brashi, tabaka nyembamba, au subiri siku kavu.