Kufufua Nyasi za Uani Zilizomezwa na Magugu

Hapa Mombasa, anza Machi, kabla masika hayajashika. Fyeka hadi urefu wa vidole vinne, kisha pambana na ndago kwanza, maana ndiyo sugu kuliko magugu yote: ukiivuta kwa mkono jani hukatika, kinundu kikabaki chini na kuchipua upya. Chimbua kwa uma wa bustani, fuata uzi wa mzizi hadi kinundu cha mwisho, wala usivitupe kwenye mboji. Mchanga wa Mombasa haushiki maji. Kwa hiyo tandaza samadi iliyooza, unene wa sentimita 2. Penye vipara pandikiza nyasi ya Pemba kila sentimita 15. Nyasi ya Kikuyu huteswa na joto letu. Ndago itarudi tu, ing'oe kila wiki mbili. Na usinyoe nyasi mno, utayapa magugu jua.