Kufuta masalia ya upau wa "Ihifadhi nywila?" ndani ya Firefox

Wakongwe mnaukumbuka ule upau uliokuwa ukichomoza juu ya ukurasa kuuliza kama nywila ihifadhiwe. Firefox 4, mwaka 2011, ilileta kidirisha kinachoning'inia kwenye upau wa anwani. Msimbo wa mambo kama hayo hautoki wenyewe. Lazima mtu aufagie.

Hatua ya 1. Fungua folda ya toolkit/components/passwordmgr kwenye msimbo wa Firefox; ndimo mlimo kidhibiti cha nywila. Funksheni unayodhani imekufa, tafuta jina lake kwenye Searchfox (tovuti ya kupekua msimbo wa Mozilla), tena si ndani ya folda hii tu. Thunderbird, programu ya barua pepe, inakula chungu kimoja na Firefox kwenye toolkit (msimbo wa pamoja): isiyoitwa huku huenda inaitwa kule.

Hatua ya 2. Tenganisha swali na jibu. Hapa ndipo wengi huteleza. Upau ni swali tu. Jibu la "usihifadhi kamwe kwa tovuti hii" limekaa kwenye hifadhi ya ruhusa, aina ya login-saving, na husomwa kupitia funksheni ya getLoginSavingEnabled. Kinachochora upau, futa. Kinachosoma jibu, usikiguse, la sivyo aliyekataa nywila ya benki isihifadhiwe kwenye kompyuta ya ofisi ataanza kuulizwa upya, au ataulizwa mwenzake aliyekaa kwenye kiti chake.

Hatua ya 3. Futa anayeita, kisha anayeitwa, mwisho maneno yaliyobaki yatima kwenye mafaili ya lugha.

Hatua ya 4. Endesha ./mach build (kujenga), kisha ./mach test toolkit/components/passwordmgr (kuendesha majaribio). Madirisha yatafunguka yenyewe; ukibofya kwingine jaribio linaweza kuanguka bure. Nenda kachemshe chai.

MASWALI

– Mkuu, funksheni ya promptToSavePassword nayo ni ya zamani?
– Hapana, hata kidirisha kipya hupitia mlango huo. Usifute kwa kuangalia jina.

– Jaribio moja limeanguka baada ya kufuta. Nalo nilifute?
– Lisome kwanza, dada. Kama lilikuwa linapima upau, lizikwe nao. Kama linapima kwamba tovuti iliyokataliwa haiulizwi tena, jaribio halina kosa, umefuta kupita kiasi.

– Laptopu yangu ina RAM ya GB 4, inaganda kabla haijamaliza kujenga.
– Huu ni msimbo wa JavaScript, C++ huigusi. Weka ac_add_options --enable-artifact-builds kwenye mozconfig (faili la mipangilio ya kujenga), sehemu nzito zipakuliwe zikiwa zimeshajengwa. Andaa bando tu.