Mbwa mwenye maji kwenye mapafu: saa 4 za kwanza

Wengi ninaowapokea usiku ni mbwa wadogo waliozeeka, vali ya mitrali (mlango wa upande wa kushoto wa moyo) imechakaa, damu inarudi nyuma na maji yanajaa mapafuni. Utamjua: amesimama viwiko vimeachana na mbavu, shingo ameinyosha, hataki kulala chini. Daktari mwenzangu, huyu ukimlazimisha kulala ubavu apigwe eksirei anaweza kukufia mezani. Picha itasubiri.

Hatua ya 1. Oksijeni na utulivu. Akihangaika kwa kukosa pumzi, mchome butofanoli (dawa ya kumtuliza) mg 0.2 kwa kila kilo, kwenye msuli. Mwenye mbwa akae karibu, lakini asimkumbatie.

Hatua ya 2. Furosemidi (dawa ya kukojosha, hupunguza maji mapafuni) mg 2 kwa kila kilo, kwenye mshipa. Mshipa ukigoma, choma msuli. Kabla ya kuvuta dawa, soma chupa. Ampuli za binadamu zina mg 10 katika kila ml. Chupa nyingi za mifugo zina mg 50 katika kila ml. Mbwa wa kilo 8 anahitaji mg 16, yaani ml 1.6 za ampuli ila ml 0.32 tu za chupa. Mimi huandika hesabu kwenye plasta na kuibandika kwenye bomba la sindano kwanza, maana usiku wa manane mkono hufuata mazoea.

Hatua ya 3. Hesabu pumzi kwa kutazama kifua tu, bila kumgusa. Rudia mg 2 kila saa mpaka pumzi itulie, au mpaka jumla ifike mg 8 kwa kila kilo ndani ya saa 4. Akianza kukojoa, mwekee maji ya kunywa. Dripu ya chumvi usimtundikie: mapafu yake tayari yamejaa.

Hatua ya 4. Akiweza kumeza, pimobendani mg 0.25 kwa kila kilo, mara 2 kwa siku. Huusaidia moyo kubana na hulegeza mishipa. Katika utafiti wa QUEST wa 2008, mbwa wenye ugonjwa huu wa vali waliotumia pimobendani walikaa siku 267 kwa mediani (thamani ya katikati) kabla ya moyo kuwaua au dawa kushindwa. Waliopewa benazeprili, dawa nyingine ya moyo, siku 140. Ulikuwa utafiti wa matibabu ya muda mrefu, lakini kwangu unatosha kuianza dawa hii usiku uleule.

Asubuhi, akiwa ametulia, ndipo eksirei, na vipimo vya damu vya kreatinini (huonyesha hali ya figo) na potasiamu. Kisha mfundishe mwenye mbwa kuhesabu pumzi mnyama akiwa usingizini. Zikizidi 30 kwa dakika, apige simu, hata kama ni saa nane usiku.